Hasikii

Kiswahili chetu kina neno moja linalobeba mashtaka mawili. Tukisema "mtoto huyu hasikii", mara chache tuna maana kwamba masikio yake ni mabovu. Tuna maana kwamba ni mkaidi. Anayetii tunamwita msikivu. Asiyetii hasikii, basi, kesi imekwisha. Nimelitumia neno hilo maisha yangu yote bila kulitilia shaka, mpaka Jumamosi moja spika za sebuleni kwangu zilipogoma.

Nieleze kwanza nyumba ilivyo. Sebuleni ipo kompyuta ya mezani, kuukuu, yenye spika mbili kubwa. Mimi kazi zangu nazifanyia chumbani kwenye laptopu, na muziki wote uko humo. Kompyuta zote mbili zinatumia Linux, na ndani yake kuna programu iitwayo PulseAudio, iliyoanza mwaka 2004 kwa jina la Polypaudio. Kazi yake ni kupokea sauti kutoka programu nyingine na kuipeleka inakotakiwa, hata kama inakotakiwa ni kompyuta ya chumba cha pili. Nabonyeza chumbani, taarabu inalia sebuleni. Mama yangu, ambaye naishi naye, kila Jumamosi alasiri huvuta kiti karibu na spika. Masikio yake yamepungua nguvu. Spika za laptopu kwake ni mbu tu.

Jumamosi hiyo nikabonyeza. Kimya. Nikaongeza sauti. Kimya. Nikatoka sebuleni, na wa kwanza kukutana naye alikuwa mtoto wa kaka yangu, wa miaka 12, aliyekuja kwangu likizo. Asubuhi yake alikuwa amekaa kwenye kompyuta ile ile.

"Umefanya nini hapa?"

"Shangazi, mie sijagusa kitu. Nilicheza gemu tu."

"Wewe husikii! Nimekwambia mara ngapi?"

Nikampiga marufuku kompyuta kwa wiki nzima. Hukumu ilichukua sekunde tatu. Mama alikuwa amekaa pale pale kwenye kiti chake, anatutazama midomo.

Kisha nikakaa chini kutafuta tatizo. Kazi hii ina kanuni yake: njia ya sauti unaigawa vipande, unapima kimoja kimoja, na kila mara unabadilisha kitu kimoja tu. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja, hata sauti ikirudi hutajua kilichoponya ni kipi. Je, laptopu yenyewe inatoa sauti? Inatoa. Je, inaifikia kompyuta ya sebuleni? Haiifikii. Hapo nikakumbuka kwamba usiku wa Ijumaa umeme ulikatika. Ulipowaka, ruta iligawa anwani upya, na kompyuta ya sebuleni ikapewa nyingine. Laptopu yangu ilikuwa inabisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

Nikarekebisha anwani. Safari hii mlango ulipatikana, mlango namba 4713 ambao PulseAudio huutumia kwa kawaida, lakini jibu likaja: ombi limekataliwa. Programu hii haimkaribishi kila apigaye hodi. Kuna faili dogo la siri, la baiti 256, na pande zote mbili sharti ziwe na nakala ile ile. Wiki moja kabla nilikuwa nimefuta laptopu na kuipanga upya, faili likapotea. Mimi mwenyewe nilikuwa nimegeuka mgeni nyumbani kwangu. Hapo hapakuwa na mtoto wala umeme. Ni mimi.

Nikanakili faili. Mlango ukafunguka, vipimo vya sauti vikaanza kucheza kwenye skrini, vinapanda na kushuka kabisa. Na bado, jamani, kimya! Ilinichukua muda kugundua kwamba kompyuta ya sebuleni, baada ya kuwaka upya, ilikuwa inapeleka sauti kwenye TV kwa waya wa HDMI, na TV ilikuwa imezimwa. Sauti ilikuwa inafika nyumbani salama, inamwagwa mahali pasipo na msikilizaji. Nikaielekeza kwenye spika. Mama akainua kichwa, akaanza kutikisa mguu.

Hitilafu tatu. Hata moja haikuwa ya mtoto.

Hapa ndipo swali langu linapoanza: ni wakati gani tuna haki ya kulaumu? Aristotle, kwenye kitabu chake cha maadili, anaanzia mahali pazuri. Anasema sifa na lawama hufuata matendo ya hiari, si yale yanayotendeka kwa kulazimishwa au kwa kutojua. Lakini hapo tayari tumeshajua ni nani aliyetenda. Mimi sikujua. David Hume, kwenye kitabu chake cha mwaka 1748, anagusa kidonda changu kwa karibu zaidi: sisi hatuoni sababu yenyewe, tunaona jambo moja likifuatwa na jingine, na mazoea ndiyo yanayotuunganishia. Mtoto alikaa kwenye kompyuta, kisha sauti ikapotea. Mazoea yakanimalizia sentensi.

Msomaji ataniambia: mbona unajitesa? Maisha hayaruhusu uchunguzi wa kila kitu. Na huyo mtoto si aliwahi kuharibu vitu huko nyuma? Kweli, aliwahi. Sisemi kumshuku kulikuwa kosa. Kushuku ni kuchagua pa kuanzia kupima, nayo ni haki yangu. Kuhukumu ni kuacha kupima. Kosa langu ni kwamba niliruka kutoka la kwanza hadi la pili bila kupita katikati, na nikamrukia mtu ambaye asingeweza kunijibu kwa nguvu sawa. Kazini kwangu habari inayomtuhumu mtu bila kumpa nafasi ya kujieleza haichapishwi. Mtoto alijieleza, nami nikautumia utetezi wake kuwa ushahidi wa ukaidi. Mnyonge hana haki, tunasema, kana kwamba ni hali ya hewa na si sisi tunaomnyima.

Kuna jambo jingine lililonikaa zaidi. Hitilafu zilikuwa tatu kwa wakati mmoja. Unapotengeneza ya kwanza na kimya kikaendelea, moyo unakwambia hiyo haikuwa hitilafu, rudi nyuma. Si kweli. Ilikuwa hitilafu, ila haikuwa peke yake. Nadhani hasira haiwezi kuvumilia hesabu ya namna hiyo. Inataka mkosaji mmoja, mwenye jina, awe karibu. Anwani iliyobadilika huwezi kuifokea.

Na Mama? Kabla hajapimwa masikio, kwa karibu mwaka mzima sisi wanawe tulisema amebadilika. Unamwita, haitiki. Unamsimulia jambo, anajibu jingine. Dada yangu alisema Mama anasusa kwa sababu tumechelewa kujenga kule nyumbani. Mimi nilisema ni uzee na jeuri yake. Tulifanya hadi kikao cha simu kujadili tabia yake. Hakuna aliyewaza kukaa upande wake wa pili, kusema neno moja taratibu, na kuona kama limefika. Daktari alifanya hivyo kwa dakika chache. Nilikuwa nimeshapata somo hilo kwa mama yangu mzazi, na bado nikarudia kwa mtoto wa kaka yangu.

Tunao msemo kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Tunautumia kama onyo: anayenyamaza anapanga kitu. Siku hizi nauchukulia vingine. Huenda mshindo upo kweli, unapigwa kwa nguvu zote, ila umeelekezwa kwenye TV iliyozimwa. Anayenyamaza huenda anasema. Asiyesikia huenda hajafikiwa. Kujua lipi ni lipi kunagharimu muda. Mimi kulinigharimu dakika 40, na hazikuniua.

Jioni nilimwita mtoto nikamwomba radhi. Nikamweleza kuhusu umeme, faili la siri na waya wa TV. Alisikiliza kwa heshima, akauliza kama marufuku imefutwa. Nikasema imefutwa. Akaiendea kompyuta, akasimama mbele yake, mikono nyuma.

"Shangazi, nikiiwasha halafu ikagoma, itakuwa mimi?"

Nilimwambia hapana. Hakuiwasha.