Mpiga Ngoma Hodari ni Yupi?

Vijana wa kwaya wanabishana: mpiga ngoma hodari ni mwenye mikono myepesi, au ni yule anayegusa mioyo? Wengine wanataja wapigaji waliowasikia Mbarara, ambao mikono yao haifuatiki kwa macho.

Sisi tunawatazama ndugu zetu Warundi, ambao ngoma yao ya kifalme iliandikwa na UNESCO mwaka 2014 katika urithi wa wanadamu. Ngoma hupangwa nusu duara, na katikati huwekwa inkiranya, inayotoa mwendo. Ibishikizo huifuata. Amashakwe hushika pigo lao bila kukatika. Watu humshangilia anayeruka. Lakini amashakwe zikiyumba, huyo mrukaji ataruka juu ya nini?

Kwa hiyo hatukubali kwamba hisia ni jasho na kelele. Kushika pigo moja kwa muda mrefu, huku sikio liko kwa wenzako, ni hisia, tena ni ufundi mgumu kuliko mbwembwe zote. Zaburi 33:3 inadai ustadi na shangwe pamoja. (Anayesema Roho atamwongoza, na mazoezini haji, tunamjua.)

Hapa Nakivale anaweza kupiga Mkongomani, akaimba Mrundi, akaitikia Mnyarwanda, na kila mmoja alilelewa na pigo la kwao. Mwenye mikono tu humwacha nyuma mama mzee anayeanzisha wimbo. Mwenye kusikia hupunguza mwendo hadi mama apate pumzi, ndipo wote wanaingia.