Miaka ya Trekta

Kisa hiki hakikosi msimuliaji popote vijana wanapozungumza magari. Ferruccio Lamborghini, tajiri wa matrekta, alinunua Ferrari. Klachi ikamsumbua, akaenda kumlalamikia Enzo Ferrari mwenyewe, akajibiwa kwa dharau kwamba arudi kwenye matrekta yake. Akaondoka na hasira, akajenga gari lake. Hapo wasikilizaji hupiga makofi na mazungumzo huhamia kwenye mpira.

Nakuomba usiishie hapo. Kisa hicho kikisimuliwa peke yake kinatuharibia vijana, maana kinawaaminisha kwamba hasira inatosha. Wangapi wamedharauliwa na hawajajenga hata baiskeli? Tazama miaka iliyotangulia dharau ile, miaka ambayo hakuna aliyeipigia makofi.

Ferruccio alizaliwa mwaka 1916 huko Renazzo, kijiji cha Cento kaskazini mwa Italia, kwa wazazi waliolima zabibu. Vita Kuu ya Pili ikamtupa kisiwa cha Rhodes, katika kikosi cha matengenezo ya magari ya jeshi. Kisiwani katikati ya vita huagizi spea. Unachomoa kifaa kwenye gari lililokufa ili lililo hai litembee. Aliporudi nyumbani aliwakuta wakulima wakilia shida ya matrekta, na papo hapo magari ya kijeshi yamelala bila kazi. Wengine waliona vyuma chakavu. Yeye aliona trekta.

Trekta lake la kwanza, Carioca, alilitengeneza kwa injini za Morris zilizotoka kwenye magari hayo. Zilikuwa injini za petroli, na petroli ilikuwa ghali kuliko mfuko wa mkulima. Basi akabuni kifaa kilichoruhusu injini iwashwe kwa petroli, kisha ikishapata moto iendelee kwa mafuta ya bei nafuu. Kwangu mimi, Lamborghini ilizaliwa hapo, miaka mingi kabla ya gari lolote la kifahari: fundi amesimama mbele ya tatizo la jirani yake na hakubali kwamba halina dawa.

Mwaka 1948, mwaka uleule alioanzisha kampuni ya matrekta, aliingia kwenye mbio za Mille Miglia akiendesha Fiat Topolino aliyoiongezea nguvu kwa mikono yake. Hakufika mwisho. Gari lilikwenda kuuvaa ukuta wa mgahawa. Akaachana na mbio, akarudi karakanani, akauza matrekta kwa zaidi ya miaka 10 hadi akawa miongoni mwa watengenezaji wakubwa Italia. Kisha akaongeza vifaa vya kupasha joto nyumba.

Sasa rudi kwenye klachi ile. Kwa simulizi yake mwenyewe, alipoifungua Ferrari yake katika karakana yake aliikuta klachi ya aina ileile aliyokuwa akiifunga kwenye matrekta yake. Macho yaliyolitambua hilo yalikuwa ya fundi wa trekta. Mikono iliyojua kulitatua ilikuwa ya fundi wa trekta. Na fedha za kujenga kiwanda kipya Sant'Agata Bolognese mwaka 1963 zilitoka, tena, kwenye trekta. Dharau ya Enzo ilikuwa cheche tu. Petroli ilikuwa imekusanywa kwa miaka 15.

Halafu lipo jambo jingine ambalo ningependa kila mwajiri na kila kijana alijue. Gari lililoifanya Lamborghini iwe Lamborghini halikuwa wazo la Ferruccio. Yeye alitaka magari ya starehe, ya haraka lakini matulivu, na baada ya ule ukuta wa mgahawa hakutaka kusikia habari za mbio. Waliokuwa na njaa walikuwa vijana wake: wahandisi Gian Paolo Dallara na Paolo Stanzani, pamoja na dereva wa majaribio Bob Wallace kutoka New Zealand. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ametimiza miaka 30. Walichora gari lao baada ya saa za kazi. Dallara aliutazama mpangilio wa Mini, kile kigari kidogo cha Waingereza, akauchukua: injini ilazwe kwa upana. Ila ya kwao ilikuwa na silinda 12, na ilikaa nyuma ya viti.

Walipompelekea mkubwa wao, hakuwafukuza. Aliwaruhusu. Novemba 1965, katika maonyesho ya magari ya Turin, Lamborghini iliweka jukwaani kitu kisicho na bodi kabisa: fremu ya chuma yenye rangi nyeusi, imetobolewa matundu huku na huku ili ipungue uzito, injini imekaa wazi kila mtu aione. Hakuna boneti, hakuna mlango, hakuna kioo. Na watu wakaweka oda! Nuccio Bertone akaichukua kazi ya bodi, akamkabidhi Marcello Gandini, kijana wa miaka 27. Machi 1966, miezi minne tu baadaye, gari hilo, sasa likiitwa Miura, lilisimama Geneva likiwa kamili, na ulimwengu wa magari ukageuza shingo.

Ilikuwa na kasoro. Pua yake ilinyanyuka kwenye mwendo mkali, na injini na gia boksi zilitumia oili moja. Walizirekebisha kadiri walivyoendelea, toleo kwa toleo, hadi SV ya mwaka 1971. Wangesubiri ukamilifu, tusingelijua jina la Miura.

Baadaye mambo yalikuwa magumu. Ferruccio aliuza hisa zake zote kufikia mwaka 1974, na mwaka 1978 kampuni ikafilisika. Ikapita mikononi mwa ndugu wa familia ya Mimran, wenye biashara ya sukari Senegal, kisha Chrysler mwaka 1987, kisha wawekezaji wa Indonesia, hadi Audi ilipoinunua mwaka 1998. Katika misukosuko hiyo mafundi wa Sant'Agata waliendelea kuunda Countach, gari lililoingia sokoni mwaka 1974 na kudumu hadi 1990. Mwaka 2023, kiwanda kilekile kilivuka magari 10,000 kwa mwaka kwa mara ya kwanza katika historia yake.

Wewe unayechomelea mageti, unayefungua injini za bodaboda, unayeandika programu usiku baada ya kibarua cha mchana: hiyo ndiyo miaka yako ya trekta, ifanye kwa moyo wote. Na kama una kazi ya ubunifu uliyoifunika turubai ukingoja iwe na bodi, rangi na vioo, itoe nje wiki hii. Iweke mbele ya watu ikiwa fremu tupu. Waambie inafanyaje kazi, waulize nani anataka kuagiza, na andika majina yao.