Mkeka wa Shilingi 5,000

Jumapili ya tarehe 2 Agosti 2020 nilifanya jambo ambalo sikumwambia mtu kwa miaka mitatu. Nilikuwa nimemaliza mtihani wa kidato cha sita wiki mbili tu nyuma, nikatoka kwetu Nachingwea kwenda Ruangwa kwa mjomba ili tuangalie pamoja fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, Namungo na Simba. Mechi yenyewe ilichezwa Sumbawanga, upande wa pili wa nchi, kwa hiyo sisi tulikuwa watu wa kibanda umiza. Asubuhi, mjomba akiwa bado anatafuta jezi yake, nilijifungia chumbani na simu nikaweka mkeka wa shilingi 5,000. Niliweka kwamba Simba atashinda.

Mimi ni Namungo. Nalisema hili mapema kwa sababu Tanzania mtu akisema anashabikia timu ya mkoani, swali linalofuata ni "sawa, lakini Simba au Yanga?" Mjomba wangu, kwa mfano, ni Yanga wa kuzaliwa, na Namungo ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2019 aliiongeza kama mtu anavyoongeza chumba kwenye nyumba. Namungo wakicheza na Yanga huvaa shati jeupe, hukaa kimya dakika tisini, na ni marufuku kumuuliza kitu. Mimi sina chumba cha pili.

Na msimu ule ulikuwa wa kulewesha. Timu yenye jina la kijiji kimoja cha wilaya ya Ruangwa ilimaliza ya nne katika msimu wake wa kwanza Ligi Kuu. Watu wa Nachingwea walipanda magari kwenda Uwanja wa Majaliwa kuwaona Wauaji wa Kusini. Tarehe 8 Julai Simba walifika Ruangwa ubingwa wakiwa wameshautwaa, wakatoka sare ya 0-0, kisha wakakabidhiwa kombe lao palepale. Mimi nilikuwa kwenye mitihani, lakini mjomba alinisimulia mara nyingi kiasi kwamba sasa naikumbuka kama niliyekuwepo. Hakuwa akisimulia kombe. Alikuwa akisimulia sifuri. "Wamekuja mabingwa," alikuwa akisema, "wameondoka bila bao."

Kutokana na sifuri ile alijenga imani yake ya fainali. Nilipomwambia kwamba sare ya nyumbani dhidi ya timu ambayo imeshamaliza kazi yake haithibitishi kitu, alininyamazisha kwa mkono. Hapendi utabiri wowote kabla ya mechi, mzuri au mbaya. Anasema unaleta nuksi.

Kiswahili kinatupa maneno mawili hapa, na katika maongezi tunayachanganya. Kutarajia ni hesabu: umeangalia kikosi, umeangalia mechi zilizopita, umeona nini kina uwezekano mkubwa. Kutumaini si hesabu. Unaweza kutumaini jambo ambalo hulitarajii hata kidogo, kama mtu anavyokaa na mgonjwa wake baada ya daktari kusema. Mimi siku ile nilitarajia Simba, nikatumaini Namungo, na sikuona ubaya wowote hapo. Bado siuoni. Ubaya, kama upo, ulianza nilipochukua hesabu yangu nikainunulia bima.

Hoja yangu ilikuwa safi. Namungo wakishinda, napoteza 5,000 na ninakuwa na furaha ambayo bei yake ni kubwa kuliko hiyo. Wakipoteza, nimepata kifuta machozi. Kwa vyovyote vile sitoki mikono mitupu. Ningekuwa nimeshasoma falsafa wakati ule, ningemwita Seneca awe shahidi, yeye aliyefundisha kwamba mtu auweke moyo tayari kwa mabaya kabla hayajafika ili yasimkute ghafla. Lakini Seneca alizungumzia kuufundisha moyo wako. Hakusema uupangishe.

Kipindi cha kwanza Simba walifunga mawili. Luis Miquissone, kisha John Bocco. Kibanda kilikuwa kimegawanyika, maana mashabiki wa Simba hawakosekani popote nchini, Ruangwa ikiwemo, na wale walishangilia hadi mabati yakalia. Mjomba alikuwa ameshika magoti yake mwenyewe. Mimi nilihuzunika, kweli kabisa, lakini huzuni yangu ilikuwa na mto wa kulalia.

Kipindi cha pili Edward Manyama akafunga. Niliruka na wenzangu, mjomba akanishika shingo, mtu nisiyemjua akanimwagia soda. Na hapohapo hewani, kabla miguu haijagusa chini, nilijikuta nikihesabu: wakisawazisha, mkeka umechanika. Haikuchukua hata sekunde. Kwa dakika zote zilizobaki, kila mpira wa Namungo ulipovuka katikati ya uwanja, kulikuwa na watu wawili ndani yangu, na mmoja wao alikuwa akiomba ufike nje. Sikuwa nimemwalika. Nilikuwa nimemlipia tu kiingilio.

Ikaisha 2-1. Nilipata faida ya shilingi 2,000 hivi. Mjomba hakula usiku ule. Nilimnunulia soda, akaniuliza nimepata wapi hela, nikasema ni chenji ya nauli.

Nikiwa chuoni nilikutana na Aristotle akizungumzia ujasiri, na kuna sehemu ilinichekesha. Anasema watu wanaojiamini kwa sababu wamezoea kushinda si majasiri kweli, na anawalinganisha na walevi: mambo yakienda kinyume, wanakimbia. Nilifikiria mashabiki wa Simba, kwa furaha isiyo ya kitaaluma. Baadaye nikajifikiria mimi. Yule anayejiamini kupita kiasi na yule anayejikinga mapema wana kitu kimoja kinachofanana: wote wawili wamehakikisha kwamba mechi haitawafanya kitu.

Lakini mtu wa Nachingwea hawezi kutukana tahadhari. Mji wetu ulikuzwa na matarajio ya watu wasiotaka kuisikia. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wa karanga wa Kongwa, Urambo na Nachingwea, wakiwa na hesabu ya ekari zaidi ya milioni tatu. Bandari ya Mtwara na reli ya kuja hadi Nachingwea vilijengwa kwa ajili ya karanga ambazo hazikuja. Januari 1951 serikali yao iliufunga mradi, pauni milioni 36 hivi zikiwa zimeteketea, na reli nayo haikuvuka mwanzo wa miaka ya 1960. Nimekulia kwenye mji ambao tuta la reli liliuzoea kuliko treni. Mtu mmoja pale Kongwa angeuliza kwa sauti ya kutosha kuhusu udongo na mvua, angeokoa fedha nyingi na jasho la watu wengi.

Tofauti ni kwamba mtu huyo angebadilisha kitu. Mpangaji wa mradi anapochukua tahadhari, shamba linabadilika. Kocha akichukua tahadhari, anaongeza kiungo mkabaji. Shabiki akichukua tahadhari, uwanjani hakibadiliki chochote. Kinachobadilika ni pale anapokaa kwenye benchi la kibanda. Ndiyo maana yule anayesema kabla ya mechi "mimi najua tutafungwa" huudhi hata akiwa sahihi. Hatuoni ubaya kwenye hesabu yake. Simba walikuwa wakali, kila mtu alijua. Tunaona kwamba anajiwekea mlango wa kutokea, ili baadaye aseme "si niliwaambia," na atuache ndani.

Hata hivyo, jirani mmoja wa mjomba aliweka 50,000 siku ileile kwamba Namungo watachukua kombe. Aliweka kwa mapenzi tu. Ilikuwa fedha ya palizi ya mikorosho. Sijui niseme nini juu yake. Moyo wake ulikuwa mzima, mechi yake ilikuwa moja, na nyumba yake iliyumba hadi msimu uliofuata. Mke wake akisoma insha hii, nadhani atanichagua mimi.

Basi Namungo, kwa kuwa Simba walikuwa na nafasi yao ya Ligi ya Mabingwa, wakaenda Kombe la Shirikisho la Afrika hata baada ya kufungwa fainali. Februari 2021 wakawapiga Primeiro de Agosto wa Angola 6-2, wakafungwa marudiano 3-1, wakapita. Kisha makundi: Raja, Pyramids, Nkana. Mechi sita, wakapoteza zote. Nilikuwa Dar es Salaam mwaka wa kwanza, na kabla ya kila mechi nilimpigia mjomba. Mwanzoni alitumaini kufuzu. Baadaye alitumaini ushindi mmoja. Mwishoni alitumaini sare, sare moja tu ya kuwekea kumbukumbu, na hiyo pia haikupatikana. Matumaini yake yalikuwa yakipungua ukubwa kama sabuni, lakini kila mechi alikuja nayo mkononi. Sikuweka mkeka hata mmoja. Zile sita ziliniuma, na nilishangaa kwamba sikutaka zisiniume.

Mwaka 2023, likizo, tukiwa tunaokota korosho, nilimwambia kuhusu ile 5,000. Nilitarajia acheke, maana ilikuwa hela ndogo na kitambo kirefu. Hakucheka. Aliendelea kuokota, akafika mwisho wa mti, akasema, "Kwa hiyo siku ile ulikuwa na mechi yako." Kisha akauliza ile soda ilikuwa ya hela ipi. Nikamwambia. Akatikisa kichwa, na hatujaizungumza tena.

Juzi Namungo walikuwa wanakutana tena na Simba. Nilimpigia mchana. Umeme kwao ulikuwa umekatika tangu asubuhi, kibanda hakina jenereta, na betri za redio zimekwisha. Akaniambia nikae karibu na televisheni nimsimulie kwa simu, vocha atanirudishia.

"Sawa, mjomba. Ila Simba wa mwaka huu..."

"Nimesema unisimulie," akasema. "Sijasema unitabirie."