Kisima Hakiharakishwi, Mwanangu

Mwanangu, keti kwanza. Chai ipo, na hiyo simu haitakimbia.

Umeniambia serikali imekupa fedha za kufanyia utafiti wa nishati kwa miaka mitatu. Nilifurahi hadi machozi yakanilenga. Kisha ukaongeza kwamba unataka matokeo kabla ya mwaka huu kwisha. Hapo ndipo nilipokuita.

Haraka hiyo naijua. Mwaka 1983 nilikuwa kijana wa kupima visima vya mvuke kule Olkaria, karibu na Naivasha. Kipimo chetu kilikuwa mrija mwembamba wa chuma. Ndani yake mlikuwa na saa ya kutia ufunguo na sindano ndogo. Tulikiteremsha kwa waya, mita elfu moja na zaidi. Kule gizani sindano ilikwaruza kibati cha shaba kadiri joto lilivyopanda. Kikipanda juu, unakitoa kibati, unakiweka chini ya lenzi, unapima mkwaruzo mwembamba kama unywele. Mkwaruzo huo ndio uliotuambia yaliyoko chini ya ardhi.

Kuna kisima kimoja nilikipima siku mbili tu baada ya kumalizika kuchimbwa. Nikasoma nyuzi 120. Nikaenda ofisini mbio nikasema: kisima hiki ni baridi, fedha za umma zimepotea. Mkuu wangu hakunikaripia. Aliniuliza, "Kijana, mtu akitoka kuoga mtoni ukamgusa mkono ukauona baridi, utasema hana damu?" Kisha akanieleza. Wakati wa kuchimba, tunamwaga maji na tope baridi kisimani kwa majuma mengi. Mwamba tumeupoza sisi wenyewe. Ni lazima uachwe ujirudishie joto lake. Nilirudi kupima mara kwa mara. Mwezi wa pili nikasoma zaidi ya nyuzi 250.

Nilikuwa nimekitangaza kimekufa, na bado kilikuwa kinaamka.

Olkaria yenyewe ilihitaji subira kubwa kuliko hiyo. Uchimbaji ulianza mwaka 1956. Visima viwili vilichimbwa. Joto lilikuwepo, lakini mvuke wa kutosha haukutoka, na kufikia mwaka 1959 kazi ikasimama. Wale watu wangeweza kuficha aibu yao. Hawakuificha, waliandika walichokikuta. Mwaka 1970 Serikali ya Kenya pamoja na shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, walipoanza upya, rekodi zile zilikuwa zikiwangoja. Uchimbaji ulirudi mwaka 1973. Kisima cha kwanza hakikufaa. Cha pili kikatoa mvuke. Mtambo wa kwanza, wa megawati 15, ulianza kuzalisha umeme mwaka 1981. Hesabu mwenyewe, mwanangu: miaka 25. Leo yapata asilimia 40 ya umeme wa Kenya inatokana na mvuke wa ardhini.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sasa jiulize, nani atainama miaka yote hiyo? Kisima kimoja kinameza mamilioni ya dola, na kinaweza kutoka kitupu. Mwenye mtaji wake binafsi huogopa shimo la namna hiyo, na simlaumu. Ndiyo maana mwaka 2008 serikali iliunda kampuni ya jotoardhi, GDC, ibebe hasara ya mashimo ya mwanzo. Utafiti wako nao ni shimo la mwanzo. Umepewa fedha hizo kwa sababu hakuna mwingine angethubutu.

Nina kosa jingine, na hili huniuma hadi leo. Juma moja mvua ilinyesha sana. Barabara ikawa matope, nami sikwenda kupima kisima nilichopangiwa. Nikajiambia, juma lililopita ilikuwa nyuzi 240, sasa itakuwa 248. Nikaiandika. Niliipika namba ile nikiwa nimekaa kitini, mbele ya kikombe cha chai kama hiki.

Kipimo kilichofuata kikatoka 242. Wahandisi wakashtuka. Kisima kinachopata joto kinapoaje ghafla? Wakadhani bomba la chuma limepasuka, maji baridi yanaingia. Kazi nyingine zikasimama. Waya ukateremshwa mchana na usiku. Siku nne nilinyamaza huku nikiwatazama wenzangu wakisinzia kwa uchovu. Siku ya tano nikasema.

Mkuu alifungua daftari akanipa kalamu. "Ikate namba hiyo. Kando yake andika: haikupimwa." Mkono ulinitetemeka.

Usiku huo nilimfikiria mama yangu. Kila aliponunua sukari, alilipa kodi bila kujua. Fedha yake ilikuwamo katika waya ule, katika dizeli ile, katika mshahara wangu. Alifariki dunia bado akiwasha koroboi. Alinilipa nimtafutie ukweli, nami nikampa namba ya kubuni.

Kwa hiyo nakuomba, mwanangu. Watakuja watakaokuuliza matokeo yako wapi. Waonyeshe daftari. Kama bado, waambie bado, na uwaeleze kwa nini. Jaribio likishindwa, liandike kwa mwandiko unaosomeka, pamoja na tarehe, kwa ajili ya mwenzako atakayekuja miaka kumi baadaye. Na siku ukichoka, pumzika, lakini usiujazie uchovu wako namba.

Maliza chai, kisha urudi maabara. Ukipata sifuri, andika sifuri. Usipopima, andika hukupima.