Je, Ni Dhambi Kucheka Katuni Chafu?

Mama wawili wa jumuiya yetu hapa Rutshuru walitujia siku moja baada ya Misa, nyuso zimekunjamana. Wakasema: «Mwalimu, watoto wetu wanakwenda Kiwanja kutazama katuni. Si zile za watoto wadogo. Ni za watu wazima, zenye matusi na mambo ya choo, zenye kumdhihaki hata Mungu. Uwakataze.» Tukawajibu kwamba tutawakataza. Lakini mtu aliyepita seminari, hata kwa muda mfupi, amefundishwa kwamba hakimu hahukumu kesi asiyoisikia. Basi Jumapili ile ile mchana tukaenda wenyewe.

Nyumba yenyewe ni ya mbao na bati, yenye mabenchi matano na televisheni moja. Tangu mtambo wa Matebe katika mto Rutshuru ulipofunguliwa mwaka 2015, umeme umefika mahali pengi ambapo zamani palikuwa na jenereta tu, au giza. Kijana mwenye nyumba alichomeka flashi, mchezo ukaanza, kwa Kifaransa. Sisi tulikaa benchi ya nyuma ili tusionekane. Na yafaa tuseme kweli tangu sasa: baada ya dakika tano tulicheka. Tulicheka mpaka machozi, sisi tunaofundisha Amri Kumi za Mungu.

Mchezo huo ni wa Marekani, nao huitwa South Park. Ulianza mwaka 1997. Waliobuni ni Trey Parker na Matt Stone. Kipindi cha kwanza walikitengeneza kwa vipande vya karatasi, wakivisogeza kidogo kidogo na kuvipiga picha. Baadaye walitumia kompyuta, ila sura zimebaki kama kazi ya mtoto wa darasa la pili. Wakuu wa mchezo ni watoto wanne wa mji mdogo wenye theluji, nao hutukana kuliko walevi. Mmoja wao, aliyefunikwa na koti mpaka mdomoni, katika miaka ya kwanza alikufa karibu kila kipindi; na kipindi kinachofuata yuko tena, wala hakuna anayeshangaa.

Kijana mmoja aliyekaa mbele yetu, ambaye tunamwandaa kwa Kipaimara, aligeuka akatuona. Tulidhani atakimbia. Badala yake akasema: «Mwalimu, huyu usimlilie. Juma lijalo anarudi.»

Neno hilo lilituchoma. Kijana huyu alikimbilia Kanyaruchinya vita ilipotufikia tena mwaka 2022, na si wote waliokimbia pamoja naye waliorudi. Tangu siku ile tumelifikiri neno lake mara nyingi, na twaona kwamba ndani yake mna nusu ya jibu. Mchoro hauna damu. Mtu wa karatasi hupigwa, hukatwa, huanguka kutoka mlimani, wala hakuna mama anayemlilia. Anayekaa mahali ambapo kifo ni cha kweli hupumzika kidogo akiona kifo cha mchezo. Tena mchoro husema lile ambalo kinywa hakithubutu. Mtu mwenye nyama na jina akimwita mkubwa mwizi, twajua atalala wapi. Mtoto wa karatasi akilisema, nani atamkamata?

Nguvu hiyo ya mchoro hata mapadre waliijua. Katika miaka ya 1950 Padre Alexandre Van den Heuvel, mmisionari wa Scheut, alitengeneza hapa Kongo katuni za Mboloko, yule paa mdogo wa hadithi. Mboloko wa mapadre alikuwa safi, bila shaka. Sungura wa bibi zetu, kando ya moto, hakuwa safi hata kidogo. Na mambo ya choo, tuseme wazi, hayatusumbui sana. Mungu aliumba mwili pamoja na matumbo yake, na mtoto hucheka ushuzi kabla hajajua kusema.

Zaidi ya hayo, wazee wetu walikuwa na mahali pa maneno machafu. Babu humwita mjukuu wake wa kike «mke wangu», naye mjukuu humjibu kwamba hamtaki mume asiye na meno. Baba akisema hivyo kwa binti yake ni aibu kubwa. Kwa wasemaji wa Kinyarwanda wa Bwisha, ukoo ulikuwa na abase wake, yaani watu wa ukoo mwingine walioruhusiwa kuutania. Nao waliitwa nyumba mpya ilipoanzwa, na tena matanga yalipokwisha. Kule Tanzania watani huja msibani wakamdhihaki marehemu mbele ya wafiwa, na wafiwa hucheka huku wakilia. Mgeni atadhani watu hawa hawana heshima. Kumbe heshima ndiyo inayowapa ruhusa. Mtani anamjua anayemtania, na anayetaniwa anaweza kumrudishia, kesho au mwakani, kwa neno kali kama lile.

Basi katuni hizi ni utani uliopoteza ukoo wake. Mchoraji yuko Marekani, mtazamaji yuko Kiwanja, na anayedhihakiwa pengine yuko mahali pa tatu asikosikia lolote. Nani atamrudishia nani?

Jambo hili tuliliona siku ile ile. Katika kipindi kimoja cha mwaka 1997, wale watoto wanaona tangazo la kuwasaidia wenye njaa wa Afrika. Anayetuma pesa atapata zawadi ya saa ya mkononi. Wanatuma, kwa tamaa ya saa. Kwa makosa wanaletewa mtoto mwenyewe, Mhabeshi aliyekonda, nao wanampa jina la dhihaka, Marvin mwenye njaa. Mwaka 1997! Sisi tulikuwa watoto kama yeye. Tulikuwa tumeona kambi ya Katale, hapa hapa katika Rutshuru, ikijaa wakimbizi mwaka 1994. Tena tulikuwa tumeona vita iliyofuata. Na kumbe wakati ule ule, mbali huko, watu wazima walikaa kwenye viti vizuri wakicheka mbavu za mtoto Mwafrika. Hasira ilitupanda, tukataka kusimama na kuzima chombo.

Lakini tulipowatazama vijana, hawakumcheka Marvin. Walimcheka yule mvulana mnene wa Kimarekani, ambaye anachukuliwa kimakosa na kupelekwa Uhabeshi mahali pa Marvin, akalilia chakula. Na zaidi waliicheka ile saa. Vijana wa Kiwanja wanaijua misaada: wanazijua jetoni, foleni ya tangu alfajiri, na mpiga picha anayefika kabla ya maharagwe. «Hao wanataka saa yao tu!» mmoja alipiga kelele, nyumba nzima ikacheka. Hapo tuliketi. Mtani alikuwa amefika, amechelewa karibu miaka thelathini, naye alikuwa anarudisha. Nasi twakiri kwamba wachoraji wenyewe, chini ya uchafu wao, walikuwa wamewapiga watu wa kwao kuliko walivyompiga Marvin.

Halafu mwenye nyumba akabadilisha flashi. Ilikuwa katuni nyingine, ambayo jina lake hatutalitaja. Pakaja mzaha juu ya mwanamke aliyeshikwa kwa nguvu. Mzaha ulikuwa wa haraka, tena wa ufundi, na kicheko kikalipuka. Karibu na mlango alikuwa ameketi dada mmoja anayeuza maandazi. Alifunika ndoo yake, akasimama, akatoka. Kisa chake hatukijui wala hatukumwuliza. Mkaaji wa Kivu hahitaji kuelezwa. Wavulana hawakumwona akitoka. Sisi tulimwona, na mdomo wetu ulikuwa bado wazi kwa kicheko.

Tulirudi nyumbani tukafungua vitabu vyetu vya zamani. Paulo Mtakatifu aliwaonya Waefeso juu ya maneno ya aibu na ya mzaha. Neno la Kigiriki aliloliandika pale ni eutrapelia. Ajabu ni kwamba neno hilo hilo Aristotle alilitumia kwa fadhila, yaani ustadi wa mtu ajuaye kucheza na kucheka kwa kipimo. Na Mtakatifu Tomaso wa Akwino akamfuata, akafundisha kwamba roho inayochoka huhitaji mchezo kama mwili unavyohitaji usingizi, hata asiyeweza kabisa kucheka ana kosa. Fadhila na kosa, jina moja! Lakini Tomaso alieleza pia jina ambalo Wagiriki walimpa mchekeshaji asiye na kipimo: walimfananisha na mwewe wanaozunguka hekalu wapate kunyakua nyama ya sadaka. Tuliposoma hapo tukamkumbuka yule dada. Mzaha ule ulinyakua nyama kutoka altare ya mtu mwingine.

Kwa hiyo hatuoni tena kwamba uchafu wenyewe ndio kipimo. Mipaka ya uchafu husogea kila mwaka. Mwaka 1972 Fritz the Cat ilikuwa katuni ya kwanza ya Marekani kupewa alama X, ya kuzuia vijana. Leo mambo makali kuliko hayo hutazamwa mchana kweupe, na mchekeshaji hana budi kwenda mbali zaidi, kwa sababu watu wamezoea. Hata matusi kwa dini twayapima hivyo hivyo. Mwaka 2005 South Park walidhihaki sanamu ya Bikira Maria. Wakatoliki wa Marekani walilalamika, na mwaka 2006 maaskofu wa New Zealand waliwaomba waumini waisusie televisheni iliyotaka kukionyesha kipindi hicho. Mama wa Mungu hapunguki kwa mchoro. Anayeumia ni mjane aliyebakiwa na rozari tu mkononi, ambaye hakuulizwa.

Mama wale wawili tuliwaambia kwamba hatutakataza nyumba ile, ila tutakwenda na vijana, tutakaa nao, na tutasema. Mmoja alikubali. Wa pili alituambia kwamba tumerogwa na televisheni, na hatukuweza kumshinda.

Kijana wetu wa Kipaimara tulimweleza habari ya yule dada. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza:

«Na wewe, Mwalimu, ulicheka alipotoka?»

Tulimjibu kwamba tulicheka kabla yake kidogo, juu ya jambo jingine.

«Kilikuwa hakijaisha,» akasema. «Ni kicheko kile kile.»

Yule dada hajarudi kuuza mlangoni pale. Siku hizi hukaa upande wa soko, nasi hununua maandazi kwake.