Mefiboshethi Alikuwa Mkimbizi

Somo: 2 Samweli 4:4 na 9:1-13, Marko 2:1-12



Leo tumtazame mtu ambaye wengi tunampita haraka tunaposoma Biblia. Mefiboshethi, mwana wa Yonathani, alikuwa na miaka 5 habari mbaya za vita zilipofika nyumbani. Yaya wake alimbeba, akakimbia. Katika haraka ile mtoto akaanguka, akalemaa miguu yote miwili. Ninyi mliokimbia usiku na watoto mgongoni hamhitaji kuelezwa zaidi.

Miaka ikapita. Tunamkuta Lo-debari, katika nyumba ya Makiri, akikaa kwa watu. Mfalme Daudi alipomwita, alijifananisha na mbwa mfu. Sikieni neno hilo, wapendwa. Miguu iliumia siku moja, lakini moyo uliendelea kuumia miaka yote.

Yuko baba mmoja katika ushirika wetu anayetembea kwa magongo tangu vita. Mara nyingi tulimwita mbele, tukamwekea mikono, tukaombea miguu yake. Kisha akaacha kuja. Nilipomtembelea aliniambia, "Mchungaji, mmeombea miguu yangu miaka yote. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama ninalala usiku." Nilikosa la kujibu. Alikuwa halali. Alikuwa amechoka kuishi. Nasi kila Jumapili tulimrudisha nyumbani akidhani imani yake ndiyo pungufu. Nimetubu kwa jambo hilo, na ndiyo sababu ninaandika.

Angalieni jinsi sura ya 9 inavyomalizika. Mefiboshethi anakula mezani pa mfalme daima, na bado ni kiwete wa miguu yote miwili. Miguu haikupona, lakini Lo-debari alitoka. Basi tusimwambie mlemavu angoje mwili upone ndipo moyo wake utunzwe.

Wengine watasema, "Mkristo anaenda kwa mshauri wa nini? Si tunaye Yesu?" Tunaye. Lakini mfupa ukivunjika tunakwenda kwa daktari, na hatusemi tumemwacha Yesu. Wenyeji wetu Wanyarwanda wana neno ihahamuka kwa jeraha la moyo linalotokana na mambo ya kutisha. Walijifunza kulitibu kwa machozi, baada ya Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994. Mwaka 2005, katika Dayosisi ya Anglikana ya Byumba, vilianza vikundi vya watu kukaa pamoja, kusikilizana na kurudisha kuaminiana. Kazi hiyo ilianzia ndani ya kanisa.

Sasa, tunaanzia wapi hapa Kigali? Anza kituo cha afya kilicho karibu nawe. Tangu 2019 mlango wa mituweli ulifunguliwa kwa wakimbizi wa mjini, basi nenda na kitambulisho chako. Usitaje mguu peke yake. Sema, "Silali, nina hasira, sioni faida ya kuishi." Wakiona inafaa watakupa karatasi ya kwenda hospitali ya wilaya, kwa wahudumu wa afya ya akili. Ukitumwa Ndera usione aibu. Watu hulitania jina hilo, lakini hospitali ile imepokea wagonjwa tangu 1972, na wengi wamerudi nyumbani wakiwa wazima.

Kabla ya kwenda, uliza au mtu akuulizie: Je, chumba kiko chini au kuna ngazi? Mshauri anajua Kiswahili? Kama hajui, nani atatafsiri? Asiwe mtoto wako, maana yako mambo ambayo hutayasema mbele yake. Amewahi kuhudumia mtu mwenye ulemavu? Atatunza siri?

Ukikaa naye mara mbili tatu ukaona anakuhurumia tu, au kila neno lako analirudisha kwenye mguu, mwambie wazi. Asipobadilika, omba mwingine. Huo si utovu wa shukrani. Mshauri mwema anakuona wewe mzima: baba, mama, fundi, mwimbaji wa kwaya, mtu aliyepoteza nchi yake.

Na ikiwa ndugu anasema anataka kufa, asiachwe peke yake hata saa moja. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Mwisho, neno kwa sisi tunaotembea. Katika Marko 2, mwenye kupooza hakufika kwa Yesu peke yake. Walimbeba watu wanne, na njia ilipozibwa wakafungua dari. Kigali ni mji wa vilima. Mwenye magongo hashuki bonde na kupanda lingine bila msaada, na nauli ya pikipiki ya kwenda na kurudi kila juma si ndogo. Kwa hiyo katika kila kikundi cha maombi tupate watu wanne: mmoja wa nauli, mmoja wa kusindikiza, mmoja wa kubaki na watoto, na mmoja wa kutafsiri atakayefunga kinywa chake baadaye.

Yule baba alianza kwenda. Magongo bado anayo. Juma lililopita alikaa nasi mpaka ibada ikaisha, akacheka.

Ni nani jirani yako aliyeko Lo-debari? Mwulize leo kama analala.

Neema ya Bwana wetu Yesu Kristo iwe nanyi nyote. Amina.