Kisu Kilekile

Mwaka 2018 mchoraji wa Kijapani, Kousuke Oono, alianza kutuchekesha kwa kisa cha Tatsu, jambazi mashuhuri wa yakuza aliyeacha uhalifu akawa mume wa nyumbani. Mkewe, Miku, huenda kazini. Yeye hupika, hufua, huwinda bei nafuu madukani. Lakini kovu lingali usoni, na wamwonao hutetemeka.

Je, amebadilika? Nionavyo, bidii na ukali wake ni vilevile. Kilichobadilika ni anayetumikiwa. Kisu kilichotisha watu sasa chakata kitunguu cha chakula cha mkewe. Basi toba haimtaki mtu azaliwe upya, bali ageuze uso alikoelekea. Yeye keshageuka. Twabaki sisi, msomaji mwenzangu, tunaolitazama kovu tusikione chakula alichoandaa.